NVDA: kisoma skrini cha bure cha kupimia tovuti

Programu za kukagua tovuti hukuambia kwamba picha haina maelezo. Zikikuta maelezo "picha1" huridhika, ingawa hayamfai kitu mtu asiyeona. Hilo hubainika kwa kusikiliza, na chombo cha kuanzia ni NVDA, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye, wote wawili wasioona. Ni ya bure, hutumika kwenye Windows, na unaweza kuibeba kwenye flashi.

Weka kipanya kando. Bonyeza Insert+N, ingia menyu ya zana, ufungue dirisha linaloandika kila kinachotamkwa. Hapo ndipo utanakili ushahidi wa kumpelekea msanidi. Sauti ikikuzidi, Control huinyamazisha.

Pita ukurasa mzima kwa Tab, kisha urudie kwa mshale wa chini. Tofauti ya mipito hiyo miwili inafichua mengi: kitufe kinachosikika kwa mshale lakini Tab inakiruka, mara nyingi kimeundwa kwa div (kisanduku kitupu cha msimbo wa HTML) badala ya button (kitufe halisi). Herufi H hukupeleka kwenye vichwa, na Insert+F7 huviorodhesha pamoja na viungo. Ukisikia viungo kumi vyote vinaitwa "soma zaidi", ukurasa umefeli.

Kwenye fomu, tuma ikiwa tupu. Maandishi mekundu yakitokea na NVDA ikakaa kimya, asiyeona hatajua kwa nini fomu haikwenda. Dawa ni role="alert", alama ya msimbo inayofanya ujumbe utamkwe papo hapo, au kuhamishia kishale kwenye sehemu yenye kosa. Na H ikiacha kuruka, usilaumu tovuti upesi: umeingia hali ya kuandika, utoke kwa Insert+Space.

Kwa kurasa za Kiswahili, bonyeza Insert+Control+S uchague eSpeak NG, mojawapo ya programu za sauti za NVDA. Sauti yake ni ya kimashine, lakini inatamka Kiswahili, mradi ukurasa uwe na lang="sw", alama ya msimbo inayotaja lugha yake. Ukiachwa na lang="en", "habari za leo" husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na habari ndefu haifuatiliki kabisa. Marekebisho ni ya herufi mbili tu. Hakuna sababu ya kuyaacha.

JAWS, kisoma skrini kingine cha Windows, ni ya kulipia. Bila leseni hufanya kazi dakika 40, kisha uwashe kompyuta upya. NVDA nayo haigusi simu, kwa hiyo fomu hiyohiyo ijaribiwe tena kwa TalkBack, kisoma skrini cha Android: telezesha kidole kulia kusonga mbele, gusa mara mbili kufungua.