Siku Nne Usambara: Tathmini ya Ziara ya Kuongozwa, kutoka Vugha hadi Mtae

Mwezi Septemba nililipia ziara ya siku 4 katika milima ya Wilaya ya Lushoto, kupitia ofisi moja ya utalii ambayo sitaitaja jina, na tathmini hii inahusu huduma niliyopata kuanzia Soni mpaka Mtae. Naiandika hasa kwa ajili ya Watanzania wenzangu, kwa kuwa wengi wetu tukishafika Irente, kwenye mwamba wa kutazamia tambarare, na kupiga picha hushuka Mombo siku hiyo hiyo tukiamini kwamba Usambara tumeiona.

Kilichostahili fedha yangu ni mwongozaji. Alikuwa Msambaa, mzaliwa wa Mtae, na kila tulipopishana na mtu njiani, hata kijana aliyejitwisha gunia la kabichi mpaka asiweze kuinua shingo, alisimama, akamwamkia "Onga mshi", akasubiri kujibiwa, akaeleza mimi ni nani na tunaelekea wapi, ndipo tukaendelea. Mwanzoni niliona tunapoteza muda. Kufikia jioni nilikuwa nimeona kwamba pasipo salamu hizo tusingekaribishwa katika ua wa mtu yeyote.

Tulianzia Vugha, makao ya kale ya watawala wa Kikilindi. Mgeni asiye na msimulizi ataona pale migomba na nyumba za kawaida, basi. Mwongozaji wetu alitukalisha chini akasimulia habari za Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo: jinsi alivyoota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa kigego, yaani mtoto wa mkosi, na kufukuzwa kwao Unguu; jinsi alivyoingia Usambara akiwinda nguruwe mwitu na kuwagawia wenyeji nyama; na jinsi usiku mmoja alivyoua simba, hata Wasambaa wakampa utawala, na wafalme wa ukoo wake wakaitwa Simba Mwene. Nilimuuliza kwa nini wakulima walikubali kutawaliwa na mtu wa kuja. Alinijibu kwa Kisambaa, kisha akafasiri: mfalme mwenye nguvu alitazamiwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana, lakini wakuu wanapogombania utawala hiyo ni kubana shi, nchi huharibika na njaa huingia. Maelezo hayo yalinikaa moyoni kuliko kibao chochote nilichowahi kusoma katika makumbusho.

Yalinifaa pia kesho yake. Nilikuwa nimesimama Irente mara 2 miaka ya nyuma nikitazama tambarare na mashamba ya mkonge, wala sikujua ninachokitazama. Safari hii nilioneshwa Mazinde, chini kabisa ya mwamba, alikojenga Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyetawala Vugha, ili awe karibu na njia ya misafara ya biashara. Kimweri alifariki mwaka 1862, na mwaka 1868 Semboja akaishambulia Vugha kwa bunduki zilizopatikana kwa biashara hiyo. Vugha tulikokuwa jana iko nyuma yetu milimani, Mazinde iko miguuni petu, na vita vyote vikaeleweka kwa kugeuza kichwa tu.

Mchana wa siku hiyo tulikwenda kwa mama mmoja mfinyanzi. Mwongozaji alisimama chini ya mti, hatua kama 30 kutoka uani, akakataa kusogea, kwa sababu kwa Wasambaa ufinyanzi ni kazi ya wanawake, mama humrithisha binti yake, na mwanamume hasogei pale udongo unapofinyangwa. "Wewe mwanangu njoo," mama akaniambia, "yeye tumwache huko huko." Gurudumu hakuwa nalo, chungu kilitulia juu ya kigae, na yeye ndiye aliyekizunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo huku vidole vyake vikivuta ukingo juu, kisha akachukua gunzi la mahindi akalipitisha ubavuni mpaka alama za vidole zikafutika. Nilikaa pale karibu saa 2 bila mtu kunihimiza, nikanunua chungu kimoja, na fedha nilimpa mwenyewe mkononi. "Hongea," akasema, yaani asante.

Ofisi yenyewe siwezi kuisifu hivyo. Jioni ile walikuwa wametupangia ngoma. Tulikuta wazee na vijana wamevalishwa sare mpya, wakisubiri tangu adhuhuri. Wakacheza kwa dakika chache, kisha kapu likapitishwa kwetu, ingawa tulikwisha kulipia ngoma hiyo ndani ya bei ya ziara. Nikamsikia mzee mmoja akimuuliza mwongozaji, kwa sauti ya chini, kama safari hii ofisi itawalipa. Jambo hili liliniudhi sana, nami niliwaandikia kwamba ama wawalipe watu wale kabla hawajacheza, ama waiondoe ngoma katika ratiba. Kiingilio cha msitu wa Magamba nacho nilitajiwa getini, baada ya kuhakikishiwa kwamba kila kitu kimelipiwa.

Magamba kwenyewe ni kuzuri, baridi na kivuli kizito, na tuliwaona mbega. Rangwi tulilala katika nyumba ya wageni ya masista, safi, maji ya moto yakaletwa kwa ndoo, na makande yalikuwa matamu. Siku ya mwisho njia inafuata ukingo wa milima hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba, na tambarare ya Mkomazi iko chini yake. Kwa mwongozaji ningerudi hata kesho. Ofisi ningeikwepa, nikamtafuta yeye moja kwa moja.

Atakayekwenda achukue sweta nzito hata kama Mombo kuna joto, aepuke miezi ya masika kwa sababu njia huteleza, na aulize mapema saa ya basi la kurudi Lushoto, kwani letu liliondoka Mtae kungali giza.