Snow White ya 1937, niliyoirudia ukubwani

Kabla ya kuisifu au kuiponda, shika rimoti kwanza. Katuni hii ilitengenezwa kwa umbo linalokaribia mraba, upana 1.37 kwa kimo 1, na televisheni za siku hizi ni 16:9. Kwenye televisheni ya inchi 43, picha halali ina upana wa sentimita 73 hivi, na kila upande hubaki ukanda mweusi wa sentimita 11. Uache ukanda huo. Ukiivuta picha ijaze kioo, inapanuka kwa asilimia 30 na uso wa Snow White unatandazwa kama chapati. Ukiikuza, karibu robo ya picha inakatwa, juu na chini, na kofia za vibete ndizo za kwanza kupotea.

Zima pia ile kazi ya kulainisha mwendo, kwa jina lolote iliyopewa kwenye televisheni yako. Filamu inakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na katika katuni za mkono mchoro mmoja mara nyingi hushikiliwa fremu mbili. Televisheni ikianza kujitungia michoro ya katikati, mistari inatetemeka na kila mkono unaopita kasi unaacha ukungu nyuma yake. Sauti nayo ni ya chaneli moja, kwa hiyo usiitie mbwembwe za sauti ya kuzunguka. Punguza tu kidogo sauti kali (treble), maana sauti ya Snow White ni nyembamba na spika ndogo huifanya ichome masikio.

Kwa wenye projekta hapa Lamu: ukuta wenye zidaka hauna kazi, na ukuta wa chokaa wa zamani una matuta ambayo hutoa vivuli mwanga ukija kwa mshazari. Juu ya paa la nyumba natumia shuka jeupe lisilo na mshono katikati, lililofungwa ufito juu na mwingine chini. Bila huo wa chini, kusi likivuma malkia atacheza chakacha. Anza saa mbili, baada ya isha. Filamu ni dakika 83 tu.

Sasa yenyewe. Utotoni macho yalikuwa kwa vibete na wanyama. Safari hii yameishia kwenye mandhari. Yamepakwa kwa rangi za maji, kahawia na kijani kilichofifia, na kwenye baadhi ya picha kamera inapita kati ya tabaka za vioo vilivyochorwa na kupangwa kwa kuachana, ndiyo maana mti wa mbele unasogea haraka kuliko wa nyuma. Kopi iliyobanwa sana kwenye flashi huua haya yote: sehemu za giza zinageuka vipande vya mraba, na giza ndilo lenye utamu humu.

Tazama pia miguu. Binti aliigizwa kwanza na mchezaji dansi, Marge Champion, akapigwa picha, kisha wachoraji wakaufuata mwendo wake. Ndiyo maana gauni lake linaanguka kama kitambaa cha kweli. Vibete walitoka zaidi vichwani mwa wachoraji, na kila mmoja ana mwendo wake. Ukishaiona tofauti hiyo huwezi tena kuacha kuiona, na kwangu vibete wanashinda. Mwana wa mfalme ndiye dhaifu kuliko wote. Kuchora mwanamume wa kawaida kuliwashinda, wakampunguza. Anaimba kisimani mwanzoni, anatoweka, anarudi mwisho kubusu.

Malkia ndiye mwenye filamu. Kuna kipande kifupi ambacho mtoto hukikosa: akishuka chini ya ngome anapita mifupa ya mfungwa iliyonyoosha mkono kupitia nondo, ikikosa mtungi wa maji kwa inchi chache. Anaikejeli kama ina kiu, anaupiga mtungi teke, na buibui anatoka. Sekunde chache tu, na umeshamjua ni mtu gani kuliko kwa maneno yote ya kioo chake cha uchawi.

Wanaolalamika kwamba hadithi imelainishwa wana haki nusu. Kwa ndugu Grimm, Wajerumani walioiandika hadithi hii, mama wa kambo, yaani malkia huyu, anakuja kumuua binti mara tatu, kwa ukanda, kisha kitana, kisha tunda la sumu, na mwisho anachezeshwa na viatu vya chuma chenye moto hadi anakufa. Hapa limebaki tunda peke yake, na malkia anaanguka jabalini. Lakini kilio cha vibete kando ya kitanda hakikulainishwa. Grumpy, aliyekuwa mbishi kupita wote, ndiye anayegeuka na kuficha uso.

Kinachochosha ni vibete kunawa kabla ya chakula. Wimbo ule unazidi urefu wake. Nenda kachemshe chai.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kaa nao wakati binti anapokimbia msituni, ndani ya robo saa ya kwanza. Miti ina macho, magogo majini yanakuwa mamba. Na tunda lenyewe la sumu waeleze mapema ni epo la dukani, sio tufaha letu la pwani, wasije wakaligomea kikapuni.