Sanduku la kufuli tatu: linatosha kuanzisha biashara ya kikundi?

Sanduku hili ni la vikundi vya kuweka na kukopa, mtindo ulioanzishwa na shirika la misaada la CARE nchini Niger mwaka 1991. Vifaa ni vichache: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, vitabu vya wanachama, mhuri, kibao cha wino na bakuli mbili za kuhesabia fedha. Funguo hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi, na sanduku hufunguliwa mbele ya kikao tu.

Kikundi ni watu 15 hadi 25. Kila kikao mtu hununua hisa 1 hadi 5, na kila hisa hugongwa mhuri kitabuni, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anahesabu akiba yake mwenyewe. Hapo ndipo mtindo huu unapozishinda daftari za mweka hazina. Bei ya hisa ikipangwa kwa kipimo cha wenye duka, mama ntilie huacha kuja. Anzieni kwa aliye na kidogo kuliko wote.

Kasoro iko kwenye muda. Mikopo itokayo kwenye akiba hiyo hupangiwa mwezi mmoja mpaka mitatu, na yote hurudi kabla ya mgawo wa mwisho wa mzunguko, yaani siku wanachama wanapogawana fedha za sanduku. Chukueni mfano wa biashara ya sabuni: sabuni ya mwani isiyopikwa, kama zile za Zanzibar, hukaa wiki 4 hadi 6 ikikomaa kabla ya kuuzwa. Mkopo wa mwezi mmoja utadaiwa sabuni ikiwa bado rafuni. Ombeni miezi mitatu, mapema katika mzunguko.

Nyota nne.