Kutotolesha vifaranga pale umeme unapokatika: ununue nini kwanza

Msimu wa mvua uliopita nilitupa trei mbili za mayai yaliyofikisha siku 16. Umeme ulikatika saa nne usiku ukarudi kesho yake jioni, na mashine yangu ilikuwa ya plastiki nyembamba isiyotunza joto hata saa moja. Nilipopasua machache kuhakikisha, vifaranga walikuwa wameshaota manyoya ndani. Iliniuma sana. Tangu hapo mtu akiniuliza mashine ipi ni nzuri, nami namuuliza: ikizimika, joto linakaa ndani kwa saa ngapi? Kwa kigezo hicho ndivyo nilivyopanga orodha hii, nikimfikiria mfugaji wa kuku wa kienyeji wa huku Singida, au popote ambapo umeme ni wa kubahatisha.

1. Mitetea wanaoatamia (na bata)

Kama lengo lako ni vifaranga chini ya 60 kwa awamu, usinunue mashine. Nunua mitetea wanne au watano wa kienyeji wenye sifa ya kulalia vizuri, uliza wenyeji watakuonyesha. Mmoja hufunika mayai 10 hadi 14 kulingana na umbo lake, na katika mayai 12 yenye mbegu kupata vifaranga 9 au 10 ni jambo la kawaida. Mashine nyingi za bei nafuu hazifikii hapo.

Ujanja ni kuwafanya waanze siku moja. Wa kwanza akianza kulalia, mwachie yai moja au mawili ya kumdanganya mpaka wenzake wafuate. Kisha usiku mmoja ondoa hayo, uwawekee wote mayai mapya. Wakitotoa, wakabidhi vifaranga wote kwa mama mmoja au wawili. Waliobaki warudi kutaga. Kabla ya yote, kiota kiwe kisafi na chenye majivu kidogo, maana utitiri humfukuza mtetea kwenye mayai kuliko kitu kingine chochote.

Bata wale wazito wenye uso mwekundu nao ni hazina. Mayai yao wenyewe huchukua siku 35, kwa hiyo siku 21 za mayai ya kuku kwao ni chache, na mmoja hufunika hata 20. Vifaranga wakitoka wahamishie kwa kuku, kwa sababu bata atawapeleka kwenye maji.

2. Mashine ya mafuta ya taa, au ya mseto

Ukivuka mayai 100, hapa ndipo pesa yako iende. Ya mseto hutumia umeme ukiwepo, na ukikatika unawasha taa ya chemli. Mafundi wengi wa mbao mijini wanazitengeneza, lakini ubora unatofautiana mno, kwa hiyo kagua mwenyewe.

Kwanza kuta. Ziwe za plaiwudi mbili, katikati kumeshindiliwa maranda makavu au pumba za mpunga, unene usiopungua sentimita 5. Wamisri walitotolesha maelfu ya mayai kwenye matanuri ya matofali ya udongo, wakichoma samadi na majani makavu, karne nyingi kabla ya umeme. Nguvu yao ilikuwa kuta nene zinazoshika joto. Mwambie fundi apandishe joto mpaka nyuzi 38, azime taa, mkae saa tatu. Ikishuka chini ya 30, mimi naikataa.

Pili moshi. Taa ikae nje ya chumba cha mayai, joto lipite ndani ya bomba la bati, na moshi wote utoke nje. Moshi ukivuja ndani unaua viinitete. Tatu, uliza inakula lita ngapi kwa siku, uzidishe kwa 21, uone kama hesabu inakulipa. Na usiiweke kwenye nyumba ya nyasi, wala chumba kisicho na mtu wa kuitazama usiku.

Mashine hizi hazina feni, kwa hiyo joto lipimwe usawa wa juu ya mayai, na lisomeke 38.5 hadi 39. Zenye feni ni 37.5. Wengi huchanganya hapa wakaharibu mayai.

3. Sola

Ni nzuri, ila wauzaji hupunguza hesabu ili bei ivutie. Chukua mashine ya mayai 60 inayokula wastani wa wati 40. Kwa saa 24 ni wati-saa 960. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweka; zidisha kwa volti) ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza kupita nusu inakufa mapema, kwa hiyo unayo 600 tu. Hiyo inakuvusha usiku mmoja; kukipambazuka na mawingu mazito umekwama. Weka betri mbili na paneli za wati 300. Chagua mashine inayotumia volti 12 moja kwa moja, kwa sababu inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inakula umeme.

4. Mashine ya umeme tupu

Hata iwe na skrini na kugeuza mayai yenyewe, kama ni ya plastiki nyembamba na haina njia ya pili ya joto, iwe ya mwisho. Kama tayari unayo, ivike blanketi umeme ukikatika na uweke chupa za maji ya moto ndani. Ila mayai yaliyopita siku 14 yanatoa joto lake na yanahitaji hewa, kwa hiyo usizibe matundu yote. Baridi ya saa chache mayai huvumilia. Joto likipita nyuzi 40 kwa muda mrefu hayavumilii.

Pia kuna kulipia kwa mwenye mashine kubwa, kwa kila yai. Kwa anayetotolesha mara mbili kwa mwaka ni nafuu kuliko njia zote za mashine, mradi umulike mayai kwa tochi siku ya 7 uone ndani, uondoe yasiyo na mbegu.

Mashine yoyote utakayochukua, nunua kipimajoto cha pili. Linganisha vyote viwili na cha hospitali kwenye maji ya uvuguvugu. Kisha iwashe siku mbili bila mayai, uandike joto kila baada ya saa tatu, usiku ukiwemo. Likipanda na kushuka zaidi ya nyuzi moja, irudishe kwa fundi kabla hujaweka hata yai moja.