Kambi ya kompyuta ya wikendi Tanga: nenda, ila hifadhi mafaili yako kabla hujatoka nyumbani

Kambi hii inaendeshwa na kikundi cha watumiaji wa Linux wanaojitolea, yaani mfumo wa kompyuta wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi mmoja Chumbageni. Ada hakuna, unachangia chakula cha mchana tu. Wengi wanaofika ni walimu, wenye steshenari na wanafunzi wa vyuo, na wamebeba laptopu za mitumba zenye Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia Windows hiyo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za namna hiyo.

Uzuri wa kambi ni kwamba hakuna anayekunyang'anya mashine. Fundi anakaa pembeni akielekeza, anayebonyeza ni wewe. Tena huanzi kwa kusakinisha, unaanza kwa kujaribu. Unachomeka flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, unawasha huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, unachagua flashi, na mfumo unafunguka bila kugusa diski. Hapo unakagua wifi, spika, kamera na mwanga wa kioo. Kadi za wifi za Broadcom ndizo zinazosumbua, maana baadhi hazioni mtandao mpaka ziwekewe draiva, yaani programu ya kuziendesha. Dawa yao ni nyepesi: simu inachomekwa kwa waya wa USB, inagawa bando, draiva inashuka. Mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 au pungufu wanaiwekea toleo jepesi la Xfce, na wanafanya vizuri, kwani matoleo mazito yangeifanya ijikokote.

Anayetaka kubaki na Windows pembeni wanamsisitizia azime kwanza Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Asipoizima, Windows inalala badala ya kuzimika, na Linux ikiifikia diski hiyo itasoma tu, kuandika haitaruhusiwa. Kama BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, imewashwa, nakili tarakimu 48 za ufunguo wake kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine.

Somo bora kuliko yote lilihusu betri ndogo ya CR2032, inayotunza saa ya mashine. Ikifa, laptopu ikizimwa tarehe inarudi miaka ya nyuma. Kivinjari kinakataa kufungua tovuti kikilalamikia vyeti vya usalama, na mwenye nayo anaongeza bando bure. Kumbe kwa saa ya mashine vyeti hivyo bado havijaanza kutumika! Kabla ya kununua betri fungua mfuniko utazame, kwani kwenye laptopu nyingi huwa na waya mbili na plagi ndogo, na ile tupu ya dukani haitaingia.

Jumapili ni ya bisibisi. Chomoa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, ndipo ufungue. Upepo wa bahari unaacha ukungu kwenye meno ya RAM. Wanayasugua taratibu kwa ufutio wa penseli, kisha wanapangusa kwa spiriti ya aisopropili, na mashine iliyokuwa ikilia mlio bila picha inawaka. Anayeongeza RAM asome maandishi ya kibandiko: mashine inayodai RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35 inaweza isiwake kabisa ikipewa DDR3 ya volti 1.5, ingawa zinaingia tundu lilelile.

Kwa wapiga chapa kuna zawadi ndogo. Amri ya sudo apt install hunspell-sw inaleta kamusi ya tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, na ile mistari myekundu chini ya kila neno inapungua.

Umeme ndio unaowaangusha. Laptopu 20 za wati 65 ni wati 1,300, na tundu la ampea 13 kwa volti 230 linabeba takriban wati 3,000. Zingetosha. Lakini birika la chai la wati 2,200 lilichomekwa kwenye ekstensheni ileile, fyuzi ikakatika. Zenye betri nzima ziliendelea, zenye betri mfu zikazimika katikati ya usakinishaji na kuanza upya. Birika lipewe tundu lake, na waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote, maana ukiachwa umeviringwa unapata moto.

Kosa la pili ni zito zaidi. Suala la nakala za mafaili linaulizwa mtu akiwa tayari mbele ya kitufe cha kufuta diski. Liulizwe mlangoni. Mpaka walirekebishe, mwenye mitihani ya wanafunzi au hesabu za duka azinakili nyumbani kwenye diski ya nje, achomoe, kisha afungue faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Abebe pia chaja yake halisi, kwani za kuazima pale ni chache na pini hazilingani.