Baiskeli ya njia za changarawe zenye vilima: ipi ununue, ipi uiache

Mtu akiniuliza anunue baiskeli gani ya kuzungukia njia za changarawe zisizo na magari, nami humuuliza kwanza kilima chake kikali kuliko vyote kikoje. Njia hizo hazilingani hata kidogo. Tuta la reli ya zamani lililogeuzwa njia ya baiskeli kwa kawaida halipandi zaidi ya mita 2 au 3 katika kila mita 100, kwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya treni, nayo mlima mkali huishinda. Barabara ya msituni iliyochongwa kwa malori ya magogo inaweza kupanda mita 10 au 12 katika kila 100, na penye kona vipande vifupi hufika 15. Baiskeli inayokutosha kwenye tuta la reli utaikokota kwa miguu huko msituni.

Kwenye lami, mlima ukikaza unasimama juu ya pedali na kuusukuma kwa uzito wa mwili. Kwenye changarawe ujanja huo haufanyi kazi. Ukisimama, uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linakosa kushika, linazunguka palepale na kurusha kokoto, na mara mguu uko chini. Kuanza tena kutoka hapo katikati ya mwinuko ni kugumu kuliko kupanda kwenyewe. Kwa hiyo inakubidi upande ukiwa umekaa, na ili upande ukiwa umekaa unahitaji giya nyepesi sana, hata uwe na miguu yenye nguvu kiasi gani.

Wepesi huo unaweza kuupima mwenyewe pale dukani. Chukua sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ndogo kuliko zote za mbele, hesabu meno yake, kisha gawanya kwa meno ya sproketi kubwa kuliko zote za nyuma. Jibu likiwa 1, kila pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, na kwa gurudumu kubwa lenye tairi la milimita 40 unasonga kama mita 2.2. Zungusha mara 60 kwa dakika, utakwenda karibu kilomita 8 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, kama wewe, baiskeli na mzigo mna kilo 90, mwendo huo unadai takriban wati 200 za kupandisha uzito tu, kabla ya kuhesabu kokoto zinazokurudisha nyuma. Wengi wetu hatuwezi kuzitoa kwa muda mrefu. Jibu likiwa 0.7, miguu ileile kwa mzunguko uleule inakupeleka kilomita 5.5 kwa saa na kudai wati zisizofika 140. Huo ni mwendo wa taratibu, lakini unafika juu bila kushuka.

Kwa sababu hiyo katika kila baiskeli ifuatayo nimeangalia giya kwanza, upana wa tairi pili, kisha breki, ingawa katika kuzipanga nimehesabu pia raha ya mikono na mgongo. Uzito wa baiskeli nimeuweka mwisho. Kilo 2 za ziada kati ya 90 ni kama asilimia 2 tu ya kazi ya kupanda, na watu hulipa pesa nyingi mno kuzikwepa.

1. Baiskeli ya changarawe yenye giya za mlimani

Ina usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mbio, fremu yenye nafasi ya tairi pana, na breki za diski. Naiweka ya kwanza kwa sababu ya mikono na mgongo: usukani ule unakupa sehemu tatu au nne za kushika, na baada ya saa nne za mtikisiko viganja vyako vitashukuru. Pia inakwenda vizuri pale njia inapotambaa tambarare, jambo ambalo baiskeli ya mlimani hulifanya kwa kujivuta kidogo.

Tatizo ni kwamba nyingi zinatoka kiwandani na giya za vilima vya wastani. Mpangilio wa kawaida ni meno 40 mbele na 42 nyuma, yaani 0.95. Mwenye sproketi mbili mbele hupata kama 30 kwa 34 nyuma, yaani 0.88, afadhali kidogo. Kwa vilima vikali tafuta inayoshuka chini ya 0.8, au mwambie muuzaji kabla hujalipa abadilishe sproketi ya mbele aweke ndogo zaidi. Wakati wa kuuza atakubali kwa urahisi. Ukirudi wiki ijayo itakuwa kazi ya kulipia. Hakikisha pia fremu inapokea tairi la milimita 45 na bado kunabaki angalau milimita 5 kila upande, maana tope likikauka katikati ya tairi na fremu hukwangua rangi siku nzima.

2. Baiskeli ya mlimani ya zamani, isiyo na shokapu

Hii naipenda kuliko zote, na kama mfuko wako ni mwembamba iweke ya kwanza bila kusita. Nazungumzia zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990: fremu ya chuma au alumini, magurudumu ya inchi 26, sproketi tatu mbele. Ile ndogo ya mbele mara nyingi ina meno 24 hadi 28, na nyuma unapata 28 au 30, kwa hiyo jibu linaangukia kati ya 0.8 na 1. Fundi yeyote anaijua. Njia isiyo na magari haina gari la kukupa lifti, hivyo baiskeli inayotengenezeka kwa spana mbili na kipande cha waya ina thamani ambayo haionekani kwenye tangazo.

Lakini ni mtumba, na mtumba hukaguliwa. Pima cheni kwa rula: kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, cheni mpya ni milimita 305. Ikifika 307 inabadilishwa. Ikifika 308 huenda imeshakula meno ya sproketi, nazo utazinunua pia. Vuta nguzo ya kiti uone kama inapanda na kushuka. Ikiwa imegandamana na fremu, achana nayo, kwa sababu kiti kisicho kwenye urefu wako kitakuumiza magoti kwenye kila mlima. Pindua baiskeli, futa vumbi pale bomba za fremu zinapokutana kwenye ekseli ya pedali, utafute nyufa. Mwisho pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu. Breki za zamani hubana rimu yenyewe, na mchanga unaifanya kama msasa. Ubavu uliobonyea kuelekea ndani umekwisha, na siku moja utapasuka kwenye mteremko.

Udhaifu wake mwingine ni tairi. Usimwambie muuzaji "inchi 26" tu, kwa sababu kuna vipimo zaidi ya kimoja vinavyoitwa hivyo. Soma namba iliyochapwa ubavuni: 559 ndicho kipimo cha rimu za baiskeli hizi. Rimu za kisasa zilizo nyingi ni 622, na baadhi ni 584.

3. Baiskeli ya mlimani ya kisasa yenye shokapu mbele

Kwa giya pekee hii inazishinda zote: meno 32 mbele na 51 nyuma yanatoa 0.63. Kama vilima vyako vinazidi asilimia 12, au unabeba hema na chakula cha siku tatu, ipandishe hadi nafasi ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu usukani ulionyooka unachosha viganja, na kwa sababu ya shokapu za bei ya chini, ambazo ni springi nzito isiyofungika. Ukipanda, nguvu zako zinaishia kuibonyeza. Kama huwezi kupata shokapu ya hewa inayofungika, chukua isiyo na shokapu kabisa. Zenye shokapu mbele na nyuma ziachie wanaoshuka kwenye mizizi na miamba.

4. Baiskeli ya umeme

Mwenye goti bovu, au anayetaka kupanda pamoja na mwenzake mwenye kasi zaidi, aitazame hii kwa moyo mweupe. Inafungua vilima ambavyo vingebaki vya kutazamwa tu. Ila uliza uwezo wa betri kwa wati-saa, na ukumbuke kwamba kilima hula betri upesi kuliko kilomita. Nyingi zina uzito wa kilo 20 au zaidi; betri ikiisha mbali na soketi, utaupandisha uzito huo wewe mwenyewe.

5. Baiskeli ya mbio ya lami

Kwenye tuta la reli lililoshindiliwa vizuri inatosha, mradi ipokee tairi la milimita 32. Kwingineko hapana. Giya yake nyepesi kabisa mara nyingi ni 34 kwa 28, yaani 1.21.

6. Baiskeli nzito ya giya moja

Imebeba mizigo ya dunia nzima na haifi, lakini hesabu yake inazidi 2, na breki ndiyo hofu yangu kubwa. Mwaka 1976, vijana wa Marin County huko California walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito zenye breki ya kukanyaga nyuma. Breki hiyo ilipata moto hadi grisi ya ndani ya ekseli ikaungua, na baada ya mshuko ilibidi kuipaka upya. Mteremko ule ukaitwa Repack, yaani kujaza grisi tena. Kwa tambarare sawa. Kwa vilima usiinunue.

Baada ya kuchagua, weka akiba ya pesa za tairi. Tairi jembamba hukulazimisha ulijaze sana, na lililojaa sana huruka juu ya kila jiwe. Ukipunguza upepo wake, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Tairi la milimita 40 hadi 45 linakuruhusu kushusha upepo bila hofu hiyo. Mwenye kilo 75 aanze na psi 35 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) akitumia tairi lisilo na tyubu lenye dawa ya kuziba pancha, aongeze tano akitumia tyubu, kisha apunguze kidogokidogo hadi baiskeli iache kurukaruka.

Na usilipe kabla ya kuijaribu. Omba uipeleke kwenye mwinuko wowote wa kokoto ulio karibu. Panda ukiwa umekaa kwenye giya nyepesi kabisa, simama katikati kwa makusudi, kisha ujaribu kuanza tena. Geuza, ushuke ukibana breki kwa vidole viwili tu kila upande.