Kurasa za bure za mipangilio ya Kiingereza: nimezitumia na vijana wa mlima hapa Moshi, maoni yangu haya hapa

Niseme mapema, hii sio kozi wala sio app ya kulipia, ni kurasa za bure kwenye tovuti ya kamusi ya Collins zinaitwa COBUILD Grammar Patterns, zinaonyesha neno la Kiingereza linakaaje na maneno mengine kwenye sentensi, na kama unakula kwa Kiingereza cha wageni hapa Moshi au Arusha, yaani unaongoza watalii, unakaa mapokezi hotelini, unajibu imeili za ofisi ya safari, basi zifungue hata kama jina lake linatisha.

Mimi kazi yangu ni hiyo ya imeili, na jioni huwa nakaa na vijana wapagazi wa Kilimanjaro, wa mitaa ya Majengo na Pasua, wanaotaka kuwa waongozaji, tunapiga Kiingereza. Misamiati wanayo bwana. Kijana aliyeshabeba mizigo misimu kadhaa anajua summit, altitude, blister, headlamp, anajua mpaka maneno ambayo sekondari hakuwahi kuyasikia. Kinachomkwamisha ni kile kineno kidogo kinachofuata kitenzi, au ambacho hakitakiwi kufuata. "We reached at Horombo" (ile kambi ya mlimani). "I will explain you the route." "Let us discuss about the tips." Mgeni anaelewa vizuri tu, ila kwenye usaili yule anayesikiliza anavihesabu vitu hivyo hivyo, na dogo anarudi nyumbani hajui kilichomwangusha ni nini maana kila neno alilolitumia analijua.

Sasa hizi kurasa zinavyofanya kazi. Kila kitenzi kimeandikiwa namna kinavyokaa kwenye sentensi kwa alama fupi fupi: V ni kitenzi, n ni nomino, na kihusishi, yaani kile kineno kidogo kama with au from, kinaandikwa chenyewe kama kilivyo. Ukiona "V n with n" jua ni sentensi kama provide guests with water. Ukiona "V n from -ing", hiyo -ing ni kitenzi chenye mkia wa -ing, ni kama prevent him from falling. Ukibonyeza hapo unakuta vitenzi vinavyokaa namna hiyo, na hapa ndo utamu ulipo, vimepangwa kwa makundi ya maana na sio kwa alfabeti tu. Chukua "V n of n". Humo rob, deprive, strip, cure na rid wako pamoja kwa sababu mtu anaondolewa kitu. Inform, remind, warn na notify wana kundi lao kwa sababu mtu anapewa habari. Accuse na convict nao kwao. Vijana walipoliona hilo waliacha kukariri kimoja kimoja wakaanza kutafuta kundi, na kitenzi kigeni kikija na maana ya kupasha mtu habari wanajaribu kwanza kukiweka na akina inform, halafu ndo wanaangalia kama wamepatia.

Hii kazi haijatungwa kichwani mwa mtu. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Birmingham kule Uingereza, chini ya John Sinclair, walianza na Collins kukusanya maandishi na mazungumzo halisi ya watu na kuyaingiza kwenye kompyuta ili waone neno linatembea na nani. Kamusi yao ilitoka 1987, na vitabu vya mipangilio vikafuata, cha vitenzi 1996 na cha nomino na vivumishi 1998, vya Gill Francis, Susan Hunston na Elizabeth Manning. Kabla yao Mwingereza mmoja, A. S. Hornby, aliyekuwa anafundisha Kiingereza Japani alishaweka mipangilio ya vitenzi kwenye kamusi ya wanafunzi iliyochapwa Tokyo 1942, kwa hiyo wazo lenyewe ni la zamani, ila hawa wa Birmingham ndo wamelitandika kitenzi kwa kitenzi mpaka mtu unapata majirani wote wa neno lako.

Kilichonifungua macho zaidi ni kuona kitenzi na nomino yake, ndugu wa tumbo moja, hawatembei na mtu yule yule. Discuss hachukui kihusishi, unasema discuss the route basi, lakini discussion unaenda na about. Request a tent, ila a request for a tent. Emphasize safety, ila emphasis on safety. Demand a refund, ila a demand for refunds. Access the crater, ila access to the crater. Sasa angalia makosa yetu makubwa hapa kwetu ni yapi: discuss about, request for, emphasize on, access to hata pale neno linapokuwa kitenzi. Ni yale yale! Mtu amesikia nomino mara nyingi kwenye mikutano na kwenye barua, akachukua kile kihusishi chake akakibandika kwenye kitenzi, na Kiswahili nacho kinamsukuma maana sisi tunajadili kuhusu na tunasisitiza juu ya. Nimeona walimu wanamkata mtoto maksi kwa "discuss about" bila kumwambia limetokea wapi, inaniuma kwa kweli, maana ukimwonyesha hizo jozi mbili mbili siku moja anaelewa na hakosei tena hovyo.

Jambo jingine la kwetu kabisa ni huyu mtu anayeingia ndani ya kitenzi. Kiswahili kinasema nakueleza, nakupendekezea, nakuandalia, mtu yumo humo humo. Kiingereza kina vitenzi vinavyokubali mtu akae jirani, give you, show you, tell you, offer you, hivyo utavikuta kwenye "V n n". Halafu kuna akina explain, describe, suggest na mention ambao mtu lazima aje na to, explain the route to the guests. Ni kazi kwa vijana kukumbuka, lakini wakiwa na orodha mbili pembeni inawezekana. Na pale wanapotaka kusema "I suggest you to drink water", nawaambia hiyo to ni ya advise: I advise you to drink water, au I suggest that you drink water. Kwenye mita 3,720 pale Horombo mgeni anaumwa kichwa, sentensi ya maji inatakiwa itoke bila kugugumia.

Na kufika je. Sisi tunafika Horombo, hakuna kitu katikati. Wao reach Horombo hakuna kitu, arrive at Horombo lazima kiwepo. Watu wa ofisini mna ya kwenu hapo: answer your email, lakini reply to your email na respond to your email. Apologize unamwomba mtu na to halafu kosa na for, vyote viwili kwenye sentensi moja. Na looking forward to hosting you, jamani, sio to host you, hiyo naiona karibu kila siku kwenye imeili za ofisi nzuri tu zenye magari mapya.

Yasiyonifurahisha. Maelezo yote ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo anayeanza sifuri hawezi kwenda peke yake, anahitaji mtu wa kumkalisha chini angalau wiki za mwanzo azoee hizo V na n. Orodha zingine ni ndefu sana kwa skrini ya simu, na vitenzi vya kila siku vimechanganyika na vingine ambavyo mgeni wako hatavitamka mpaka anashuka mlima. Mifano mingi ina harufu ya magazeti na siasa, ukitaka ya mahema na mabuti unatunga mwenyewe. Ubaya sio mkubwa hivyo, kurasa zenyewe ni maandishi zaidi, hazili bando sana.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mtu wa mlima aanze na "V n n", "V n to n" na "V n from -ing", wa ofisini aanze na zile za nomino, "N for n", "N on n", "N to n" (N kubwa ni nomino yenyewe unayoiangalia), kwa sababu imeili zimejaa nomino. Mimi nimeanza kuandika jozi za kitenzi na nomino kwa maelezo ya Kiswahili kwenye daftari, nikifika mahali pazuri nitazitoa kopi pale stationeri nizigawe bure, na kama kuna mwalimu wa Moshi au Arusha ameshakusanya za kwake naomba tuunganishe.